Mvua isiyonyesha wikendi: kisa cha geji ya shule moja ya Kano

Ukiangalia ile karatasi ya kwanza ya data iliyotoka kwa hiyo shule ungedhani mvua ya Kano, hapa kwetu Kisumu, ni Msabato na Mkatoliki kwa wakati mmoja. Jumamosi sifuri, Jumapili sifuri, wiki nenda wiki rudi, halafu Jumatatu geji, yaani chombo cha kupimia mvua, imejaa. Na ukishuka hadi Aprili, ambao ndio mwezi masika inakolea, chwiri yenyewe kwa Kijaluo, hakuna kitu, mistari mitupu mpaka katikati ya Mei. Mtafiti aliyeipokea, dada wa chuo kikuu kimoja cha huku magharibi ambaye anasomea mafuriko ya mto Nyando, alitaka kuitoa hiyo shule kwa orodha siku hiyo hiyo. Mimi nilikuwa mtu wa katikati, kazi yangu ni kuunganisha watu wa chuo na walimu kwa haya mambo ya elimu ya mazingira na tabianchi, kwa hivyo karatasi ilinifikia ikiwa na alama nyekundu kibao na swali moja juu kwa herufi kubwa, HII NI NINI?

Naeleza kisa chote ju kila tukikaa vikao vya hizi kazi watu wanaongea vifaa, pesa, uhamasishaji, na hapa vifaa vilikuwa sawa kabisa.

Ilianza Januari 2024. Yule mtafiti, Daktari, ndivyo walimu walikuwa wanamwita, alikuja na barua zake zote, kibali cha utafiti cha NACOSTI, ile tume ya taifa ya sayansi, barua ya mkurugenzi wa elimu wa kaunti, na geji za mvua za shule kadhaa. Hii ninayoongelea iko Nyando, kwa lile tambarare la udongo mweusi, si mbali na Ahero. Geji ni ile ya kawaida ambayo idara ya hali ya hewa inatumia, mdomo wa inchi tano, yaani milimita 127, ukingo sentimita 30 juu ya ardhi, ndani kuna chupa, unamwaga maji kwa silinda yenye alama unasoma milimita. Haifai kukaa karibu na jengo au mti, kanuni ni umbali wa angalau mara mbili ya urefu wa hicho kitu, kwa hivyo ilienda kando ya uwanja wa mpira na fensi ndogo ikazungushwa ju ya ng'ombe, na tuseme tu ukweli, ju ya watoto wenyewe. Mafunzo yalichukua asubuhi moja. Mwalimu mkuu akasema hiyo ni sayansi, basi ikaachiwa mwalimu wa sayansi wa JSS, yaani sekondari ya chini, Madam, ambaye wakati huo alikuwa mwanagenzi wa TSC, tume ya kuajiri walimu, wa elfu ishirini kwa mwezi kabla ya makato. Hakuna mtu alimuuliza kama ana nafasi.

Fomu nayo ililetwa ikiwa imechapishwa tayari. Tarehe, milimita, sahihi. Na chini kabisa kwa maandishi madogo: jaza nafasi zote.

Sasa fikiria vile shule zetu zinachukulia nafasi tupu. Daftari ikiwa na swali halijajibiwa mtoto anaitwa mbele. Rejista ikiwa na pengo mwalimu anaulizwa. Afisa akija kukagua anataka kuona vitabu vimejaa, kama kilichojaa ni kweli hiyo ni hadithi ya siku nyingine. Mtoto wa gredi ya saba Jumatatu saa tatu asubuhi anashika hiyo fomu, Jumamosi na Jumapili ziko wazi, hakuna mtu alikuja shule, na imeandikwa jaza nafasi zote, ataandika nini? Anaandika sifuri. Kwake sifuri ni kusema hapa hatuna kitu. Kwa Daktari sifuri ni kipimo, ni kusema nilienda, nikafungua, chupa ilikuwa kavu. Hizo ni habari mbili tofauti kabisa zimewekwa kwa alama moja na hakuna kompyuta ya kuzitenganisha tena.

Mtu anaweza kusema sasa shida iko wapi, si maji ya wikendi yalibaki kwa chupa yakasomwa Jumatatu? Kweli, jumla ya mwezi haikuharibika sana, ukitoa kile kidogo kilichokauka. Lakini mtu wa mafuriko hatafuti jumla ya mwezi, anatafuta siku moja ilimwaga kiasi gani. Milimita 60 zikigawanyika kwa siku tatu watu wanalalamika matope tu, milimita 60 zote zikishuka usiku mmoja hiyo ni habari ya kuhama. Karatasi yetu ilikuwa inaonyesha Kano ina Jumatatu za kutisha. Daktari alikuwa amelinganisha na CHIRPS, zile data zinazochanganya setilaiti na vituo vya ardhini, zinaanzia 1981 na kila mraba ni kama kilomita 5 kwa 5, na huko mvua haikuwa na habari na wikendi, ilikuwa inanyesha siku yoyote. Hapo ndipo alisema shule haiaminiki.

Kikao kikafanyika hotelini Ahero, si shuleni, ju muhula wa pili ulikuwa umefunguliwa na wanagenzi wa JSS wako kwa mgomo wakidai ajira ya kudumu, na Madam hakutaka kuonekana ndani ya geti. Daktari alilipia ngege na ugali. Alianza vibaya kidogo.

"Madam, hizi sifuri zinaniua. Mbona watoto wanadanganya?"

"Watoto hawajadanganya, Daktari. Wamejaza fomu yako."

Nampenda Daktari kwa sababu hakukasirika, alichukua ile fomu akaisoma tena kutoka juu hadi chini, akafika kwa yale maandishi madogo, akacheka. Kutoka hapo ikawa kikao cha kazi. Madam alikuwa amewahi kufundishwa GLOBE akiwa chuo cha ualimu, ile programu ya Marekani ya tangu 1995 inayounganisha shule na wanasayansi, na Kenya iko ndani. Fomu yao ya mvua ina vitu ambavyo ya kwetu haikuwa navyo: ukikosa kusoma unaandika M, mvua ikiwa ya matone tu chini ya nusu milimita unaandika T, na kuna mahali pa kusema haya maji yamejikusanya kwa siku ngapi. Kitu kidogo sana, safu moja tu, lakini unaona kabisa aliyeitengeneza amewahi kukaa na watoto. Kwa mfumo huo Jumatatu inaandikwa milimita kadhaa, siku tatu, na hakuna aliyelazimishwa kusema uongo.

Saa nayo ilileta ubishi. Daktari alitaka saa tatu kamili asubuhi manake ndio saa idara ya hali ya hewa inasoma geji zake nchini, bila hiyo huwezi kulinganisha na stesheni ya Kisumu. Madam akasema vipindi vinaanza saa mbili na dakika ishirini, mapumziko mafupi ni saa tatu na nusu, saa tatu kamili mwalimu wa hesabu yuko katikati ya ubao na hatakubali watoto watoke kila siku. GLOBE kwao wanataka vipimo ndani ya saa moja ya adhuhuri ya jua, na huku Kisumu jua halifiki utosini saa sita kamili, saa za nchi zinafuata mstari ulio mashariki yetu mbali, kwa hivyo adhuhuri yetu inaangukia kati ya saa sita na dakika 25 na saa sita na dakika 55 kulingana na mwezi, karibu tu na kengele ya chakula. Madam akaona hapo ndio pazuri, kila mtu yuko nje. Mwishowe waligawana: joto la hewa lisomwe wakati wa chakula, mvua ibaki saa tatu, watoto wawili wawili kwa zamu wakiwa na kikaratasi cha ruhusa, na tarehe iandikwe ile ya kusoma, Daktari atajua mwenyewe vile atairudisha nyuma siku moja ju maji ya saa tatu leo mengi yalinyesha jana.

Hayo yote yangemalizwa na fomu mpya. Aprili haingemalizwa na fomu.

Ukitulia ukafikiria, kalenda ya shule na kalenda ya mvua ziligombana zamani. Masika ni Machi hadi Mei na kilele chake ni Aprili, na Aprili ndio likizo. Mwaka huo wa 2024 ikawa mbaya zaidi. Muhula wa kwanza uliisha mapema Aprili, wa pili ulikuwa uanze tarehe 29, serikali ikasogeza hadi 6 Mei kwa sababu ya mafuriko, ikasogeza tena, shule zikafunguliwa 13 Mei. Yaani kile tulichotaka kupima ndicho kilifunga geti. Watoto waliporudi chupa ilikuwa imejaa ikamwagikia kopo la nje, kopo nalo likajaa, na kilichozidi kilienda na udongo, hakuna mtu duniani anaweza kusema hapo palinyesha ngapi. Na hii si shida ya shule moja, mradi wowote wa data za mvua unaotegemea wanafunzi wa Kenya una hilo shimo, kila mwaka, mahali palepale, na nimeona mapendekezo mazuri ya utafiti yenye kurasa na kurasa ambayo hayataji likizo hata mara moja.

Mtu akasema basi si muweke mashine. Zipo, TAHMO kwa mfano, wazo la watu wa vyuo vya Delft na Oregon State la kufikisha stesheni za hali ya hewa 20,000 Afrika, na wanapenda kuziweka shuleni ju kuna ulinzi na kuna watoto wa kujifunza. Inasoma yenyewe na kutuma kwa mtandao wa simu, haijui likizo. Kama ningekuwa na pesa ningeweka. Lakini Daktari hakuwa nayo, na Madam alisema kitu ambacho nakubaliana nacho nusu, kwamba mashine ikifanya kazi yote mtoto atajifunza kuangalia mashine. Nusu nyingine nafikiri mtoto anaweza kujifunza mengi sana akilinganisha geji yake na mashine na kuona hazikubaliani.

Aliyekuwepo Aprili yote ni mzee wa geti. Analala pale, hana likizo, na kwa mafuriko ndiye alibeba madawati kuyaweka juu ya mengine. Watoto wa gredi ya nane ndio walimfundisha kusoma silinda, jicho liwe sawa na maji usisome kutoka juu, nusu saa akawa ameshika. Kwa likizo ya Agosti na ile ya mwisho wa mwaka akaandika kwa kidaftari chake mwenyewe, kila siku, Jumapili ikiwemo. Na ona, yeye hakuwahi kuhitaji kuelezwa habari ya sifuri. Siku isiyo na mvua aliandika "kavu". Siku aliyoenda matanga aliandika "sikuwepo". Daktari alinitumia picha ya huo ukurasa usiku na emoji kama kumi.

Malipo sasa. Bajeti ya Daktari ilikuwa na pesa ya wasaidizi wa utafiti lakini kwa taratibu za chuo msaidizi lazima awe na cheti fulani, mzee wa geti hana. Kwa hivyo mtu anayeleta data bora kuliko wote akawa analipwa kredo ya simu kila mwezi, gambuti na tochi. Nilisema kwenye kikao na bado nasema, hiyo ni kumnyonya mtu kwa adabu. Daktari hakubishana, alisema ataandika kwa bajeti inayofuata.

Lakini kilichobadilisha huu mradi kabisa si fomu wala mzee, ni swali la msichana mmoja. Siku chache baada ya kufunguliwa Mei, walimu wakiwa bado kwa mgomo, watoto walikuwa wanaendelea kusoma geji wenyewe (hii kitu ilinishangaza, hakuna aliyewaambia). Asubuhi moja geji ikaonyesha milimita kidogo sana, na usiku huo huo maji yalikuwa yamepanda hadi ndani ya boma lao. Madam aliporudi kazini akamngoja mlangoni. "Tichee, geji ni mbaya? Kama hapa hakukunyesha, haya maji yalitoka wapi?"

Swali hilo likapelekwa kwa Daktari kwa simu, na jibu alikuwa nalo miaka yote. Nyando haianzii Kano, inaanzia kule juu, Nandi, Tinderet, upande wa Londiani, inateremka kupitia Koru na Muhoroni kabla ya kutufikia sisi, bonde lake ni zaidi ya kilomita mraba 3,000 na mdomo wa geji yetu ni upana wa kiganja. Unaweza kuwa na jua Ahero na mto unavunja kingo. Halafu kwa chini Ziwa Victoria nalo lilikuwa juu sana 2024, vile lilivyokuwa 2020, kwa hivyo maji ya mto hayapati njia ya kutoka haraka. Yote hiyo iko kwa modeli ya Daktari. Lakini shule haikuwahi kuambiwa. Shule iliambiwa tu pimeni mvua, na watoto wakapima miezi wakidhani wanapima mafuriko yao. Kwangu mimi hapo ndipo huo ushirikiano ulikuwa na ufa, watu walipewa kazi ya kujibu swali ambalo hawajawahi kuonyeshwa, ndio maana ilikuwa rahisi kwao kuandika sifuri, hakuna kilichokuwa kinategemea hiyo sifuri.

Kwa hivyo wakatafuta shule ya pili, huko juu karibu na Koru, geji ile ile, fomu mpya, na grup ya WhatsApp ya walimu wawili. Saa tatu na robo kila asubuhi namba mbili zinaingia. Watoto wa Kano wakaanza kuchora mistari miwili kwa karatasi moja, mvua ya Koru juu, mvua ya kwao chini, na kwa kalamu nyekundu kiwango cha mto vile walikiona wakivuka darajani asubuhi: chini, katikati, juu. Hapo sasa ukitaka kujua kama mtoto anajali data, angalia vile alikuwa anagombana na mwenzake kwamba hiyo ya jana ilikuwa katikati si juu.

Ikaleta shida yake. Wazazi wakasikia kwamba watoto wanajua mvua ya Koru. Siku moja Koru ikasoma nyingi, habari ikatoka darasani ikafika nyumbani, mzazi mmoja akahamisha magunia yake ya mchele usiku, na maji hayakuja. Alilalamika kwa baraza ya chifu na alikuwa na haki. Daktari aliogopa kabisa, akataka grup ifungwe, ju tahadhari ya mafuriko ni kazi ya idara ya hali ya hewa na kaunti, si ya gredi ya nane, na geji mbili haziwezi kusemea bonde zima, mvua ya radi huku inaweza kupiga kijiji kimoja ikaruka kingine. Madam alikataa kuifunga. Alichofanya ni kuifanya hiyo kuwa somo, akawaita wazazi siku ya mkutano, watoto wakasimama na grafu zao wakaonyesha siku ambazo Koru ilinyesha sana na mto haukupanda, na siku mto ulipanda na Koru ilikuwa kavu. Wazazi walielewa haraka kuliko tulivyodhani, manake hao ni watu wamekaa na huo mto maisha yao yote. Mama mmoja akasema hata yeye huwa haangalii mvua, anaangalia rangi ya maji na takataka zinazokuja nazo. Daktari akatoa kalamu. Rangi ya maji sasa iko kwa fomu.

Kwa masomo mengine nitapita haraka. Milimita moja ya mvua kwa mita mraba moja ni lita moja, hiyo peke yake iliwapa vipindi vya hesabu: paa la mabati la mita 8 kwa 6, mvua ya milimita 10, ni lita 480, sasa mbona tangi limepata ndoo chache? Wakazunguka jengo wakapata gata imeoza upande mmoja. Ikarekebishwa.

Madam alipata ajira ya kudumu Januari 2025 na bahati nzuri akabaki palepale. Mwalimu wa Koru alihamishwa, na tulidhani huo ndio mwisho wa upande wa juu, lakini mwalimu wa Kiswahili aliyechukua simu ya grup amekuwa makini kumshinda, hajawahi kuchelewa saa tatu na robo.

Kinachovutaniwa sasa ni makala. Daktari anaandika ya jarida na kwa rasimu ya kwanza walimu walikuwa kwa shukrani, mstari mmoja, "walimu wa shule shiriki". Madam akamwuliza moja kwa moja jina langu liko wapi. Mimi niko upande wake, kama umebadilisha namna data inakusanywa wewe si mtu wa kushukuriwa, wewe ni mmoja wa waandishi, na Daktari amekubali Madam aandike sehemu ya ukusanyaji na jina liende juu. Mwenzake mmoja chuoni bado anapinga, anasema italeta mfano mbaya. Sijui mfano mbaya wa nini. Bajeti mpya nayo imepita, mzee ana mstari wake, ameandikwa kama "msomaji wa likizo" ili ile habari ya cheti isiulizwe, na Koru wameomba nao wawekewe mtu wa hivyo kabla Aprili haijafika.